Shinji Mikami na swali la kamera ikae wapi

Mi kazi yangu ni kutengeneza magemu, upande wa kamera hasa, yaani mchezaji aione gemu kutoka wapi, na vijana wakiniuliza waanzie wapi huwa nawaambia wakaangalie kazi za Shinji Mikami wa Japani. Jamaa aliingia Capcom, kampuni ya magemu, 1990, akaanza na vitu vya Disney kama Aladdin, halafu 1996 ndo akaongoza Resident Evil ya PlayStation, gemu ya kutisha ya mazombi ndani ya jumba.

Sasa ile kamera. PlayStation ya kwanza haikuwa na nguvu ya kuchora jumba zima kwa 3D likapendeza, kwa hiyo vyumba vikawa picha zilizochorwa kabla, wanaotembea humo ndo 3D, na picha ikishachorwa huwezi kuizungusha, basi kamera inabaki imeganda kwenye kona. Matokeo yake unamsikia zombi anaguna na humuoni, kumbe yupo hatua mbili tu nje ya picha! Hata ile milango inayofunguka taratibu, nyuma yake mashine inasoma chumba kinachofuata kutoka kwenye CD, ila wewe roho iko juu. Yaani udhaifu wa mashine ukageuzwa woga, na hapo ndo namheshimu sana.

Na hakubaki hapohapo. Resident Evil 4 ilifumuliwa mara kadhaa, toleo moja likajitenga likawa gemu nyingine, Devil May Cry, na Resident Evil 4 yenyewe ilipotoka 2005 kwenye GameCube, mashine ya Nintendo, kamera ilishahamia nyuma ya bega la Leon, mhusika unayemchezesha. Adui unamuona vizuri kabisa anakuja, ila ukinyanyua bunduki huwezi kutembea, chagua: upige au ukimbie. Magemu ya risasi kibao yakaiga hilo bega mpaka leo.

2010 akaanzisha studio yake Tokyo, Tango Gameworks, mwaka huohuo kampuni ya ZeniMax wakainunua. Pale aliongoza gemu moja tu, The Evil Within, 2014, kisha akawapisha wengine. Ya pili, 2017, akapewa John Johanas, na huyohuyo 2023 akaleta Hi-Fi Rush, gemu ya rangi na muziki, kila pigo linaenda na biti, haina hata harufu ya mazombi. Kwangu hii ndo kazi kubwa ya mwanzilishi, maana wenye majina wengi hung'ang'ania kiti mpaka studio nzima inabaki na wazo moja. Mikami aliondoka 2023. Mei 2024 Microsoft, waliokuwa wameshainunua ZeniMax, wakatangaza kuifunga Tango, niliumia kweli, lakini Agosti kampuni nyingine ya magemu, Krafton, wakaichukua pamoja na haki za Hi-Fi Rush.