Simu ya hospitali baada ya msiba: maswali na majibu kuhusu ofisi inayokagua vyeti vya vifo Uingereza

Mtu wenu akifariki hospitalini Uingereza, siku ya kazi inayofuata, au pengine baada ya siku mbili, mmoja wenu atapigiwa simu na mtu ambaye hamjawahi kuonana naye. Atatoa pole, atajitambulisha kuwa anatoka ofisi ya daktari mkaguzi wa vifo, kisha ataomba dakika chache za kuzungumza. Wengi hushtuka. Mimi ni muuguzi ninayefanya kazi katika ofisi ya aina hiyo, na ninapokutana na Waswahili wenzangu, misibani hata harusini, huwa wananiuliza maswali haya haya.

Daktari mkaguzi wa vifo ni nani, na ofisa wake anafanya kazi gani?

Kwa Kiingereza anaitwa medical examiner. Ni daktari mzoefu ambaye hakumtibu marehemu. Tangu tarehe 9 Septemba 2024, kila kifo kinachotokea England na Wales lazima kipitiwe na daktari huyu, kama hakijapelekwa kwa koroneri. (Koroneri ni ofisa wa mahakama anayechunguza vifo vyenye utata.) Hii ni pamoja na vifo vya nyumbani ambavyo cheti chake kinajazwa na daktari wa familia. Scotland ina utaratibu wake, na Ireland ya Kaskazini vilevile.

Daktari mkaguzi anatafuta majibu ya mambo matatu. Mtu huyu alikufa kwa nini hasa? Je, kifo hiki kinapaswa kwenda kwa koroneri? Na je, kuna jambo katika matibabu yake linalohitaji kuangaliwa?

Sisi maofisa ndio tunaolifungua faili. Tunasoma maandishi ya madaktari na wauguzi, vipimo, picha na karatasi za dawa, kisha tunazungumza na daktari aliyemtibu na kuwapigia wafiwa. Daktari mkaguzi akiridhika, tunakipeleka cheti kwa msajili wa vifo. Zamani familia ndiyo iliyobeba bahasha ile mkononi. Siku hizi inatoka kwetu moja kwa moja.

Kwa nini cheti cha daktari mmoja hakitoshi?

Kwa sababu kuna wakati kilitosha, na watu wakafa. Harold Shipman alikuwa daktari wa familia katika mji wa Hyde, karibu na Manchester, na alipendwa sana na wagonjwa wake. Januari 2000 alitiwa hatiani kwa kuwaua 15 kati yao kwa sindano za dawa kali ya maumivu. Tume iliyoongozwa na Jaji Janet Smith ilieleza mwaka 2002 kwamba waliouawa walikuwa 215, wengi wao wanawake wazee. Aliua, kisha akakaa mezani na kuandika cheti mwenyewe: moyo, kiharusi, uzee. Hakuna mtu mwingine aliyelazimika kumuuliza mtoto wa marehemu, "Mama alikuwa anaendeleaje jana yake?"

Tume ilipendekeza pawepo jicho la pili. Sheria ilipitishwa mwaka 2009, ofisi zikaanza kuenea hospitalini mwaka 2019, na ukaguzi ukawa lazima mwaka 2024. Kwa maoni yangu, hiyo ni miaka mingi mno kwa jambo ambalo kila mtu alikuwa ameshaona umuhimu wake.

Mama alifariki kwa nimonia. Mbona mnasema cheti kitataja kiharusi?

Cheti cha sababu ya kifo hufuata mpangilio wa Shirika la Afya Duniani, unaotumika pia Tanzania na Kenya. Husomwa kutoka juu kwenda chini. Mstari wa kwanza ni kile kilichomuua moja kwa moja, na kila mstari unaofuata unaeleza kilicholeta ule wa juu yake. Kwa mama huyu, juu itaandikwa nimonia. Chini yake kiharusi, kwa sababu kilimpooza hadi akashindwa kumeza vizuri, na chakula na mate vikawa vinaingia mapafuni. Chini zaidi shinikizo la damu, lililoleta kiharusi. Kisha kuna sehemu ya pili, ya magonjwa yaliyochangia bila kuwa kwenye mnyororo huo, kwa mfano kisukari.

Kwa kawaida ule mstari wa chini kabisa wa mnyororo ndio unaohesabiwa katika takwimu za nchi. Ukiandikwa vibaya, shinikizo la damu linaendelea kuua huku vitabu vya serikali vikisema ni nimonia. Ndiyo maana tukiletewa cheti chenye "moyo kusimama" peke yake tunakirudisha. Kila anayekufa moyo wake husimama. Swali ni nini kiliusimamisha.

Kwa familia pia ni jambo la kujua. Mtoto akielewa kwamba mama yake aliondoka kwa sababu ya shinikizo la damu ambalo halikudhibitiwa kwa miaka, ana sababu ya kwenda kupimwa la kwake.

Mnapotupigia simu mnataka kujua nini?

Kwanza tunawaeleza kitakachoandikwa, kwa lugha ya kawaida, na kuuliza kama mmeelewa na kama kinalingana na mlivyomwona mgonjwa wenu. Kisha tunauliza: je, kuna jambo lolote kuhusu matibabu au uangalizi wake linalowasumbua?

Ninaomba wasomaji wangu walichukue swali hili kwa uzito. Watu wetu hujibu upesi: "Hapana, tunashukuru, kazi ya Mungu haina makosa." Ninaiheshimu imani hiyo, nami ninayo. Lakini kazi ya Mungu ni jambo moja, na mgonjwa kubonyeza kengele usiku bila mtu kuja ni jambo jingine. Kulisema la pili si kulikana la kwanza. Wala hamtaonekana wakorofi. Swali tunaliuliza kwa kila familia, na tunaliuliza ili lijibiwe.

Binti mmoja alinijibu hivyo hivyo, kwamba hawana neno. Nikamuuliza tu mama alikuwa anakulaje siku zile za mwisho. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kila alipokuja jioni alikuta sinia ya chakula upande wa kushoto, na mkono wa kushoto wa mama ulikuwa umepooza. Chakula kimepoa, kifuniko hakijaguswa. Kwenye faili iliandikwa kwamba chakula kimetolewa, na ni kweli kilitolewa. Daktari mkaguzi aliipeleka habari hiyo kwa wasimamizi wa wodi ili ichunguzwe. Haikubadilisha sababu ya kifo, lakini ilihusu kila mgonjwa wa kiharusi aliyelazwa pale baada yake. Bila binti yule kusema, hakuna karatasi ambayo ingetuonyesha sinia iliwekwa upande gani.

Sema pia mazuri. Kama kuna muuguzi aliyekaa na baba yenu saa ya mwisho, tupeni jina lake nasi tutalifikisha.

Nani apokee simu hiyo? Mwenye Kiingereza kizuri ni mtoto wa miaka 14.

Msimpe mtoto simu. Hilo hutokea kila mara katika nyumba zetu, na mtoto anajikuta akitafsiri "viungo vilishindwa kufanya kazi" kuhusu bibi yake mwenyewe. Mkalimani wa Kiswahili anaweza kuunganishwa kwenye simu bila nyinyi kulipa. Semeni neno moja tu, "Swahili", nasi tutaelewa.

Sisi humpigia aliyeandikwa kwenye faili kuwa ndugu wa karibu, na mara nyingi huyo si msemaji wa familia. Labda ni mke, ambaye yuko chumbani na wanawake wenzake na hana nguvu ya kuzungumza, na maamuzi yanasubiri kaka wa marehemu aliye Birmingham au baba mkubwa aliye Tanga. Tuelezeni hivyo. Mke akikubali tuzungumze na shemeji yake, tunafanya hivyo.

Tumeambiwa kifo kimepelekwa kwa koroneri. Kuna mtu anashukiwa?

Mara nyingi hapana. Sheria inataka koroneri aarifiwe kifo kinapohusiana na jeraha, ajali, sumu, kazi aliyofanya marehemu, matibabu yenyewe au kukosa uangalizi, au sababu inapokuwa haijulikani, au mtu anapofia kizuizini. Familia nyingi hushangazwa na hii: mzee wa miaka 88 anateleza bafuni, anavunjika nyonga, anafanyiwa upasuaji, kisha anapata nimonia na kufariki baada ya wiki tatu. Kwa sababu mnyororo ulianzia kwenye kuanguka, koroneri lazima ajue.

Si kila kinachofika kwake huishia kwenye kupasua mwili. Akiridhika na maelezo ya madaktari anaweza kurudisha jambo kwetu, cheti kikaandikwa kama kawaida. Akiona uchunguzi wa maiti unahitajika, familia haina uwezo wa kuukataa, lakini mnaweza kueleza pingamizi lenu la kidini na kuuliza kama kipimo cha picha za CT (mashine inayopiga picha za ndani ya mwili bila kuupasua) kingetosha. Baadhi ya maeneo yana huduma hiyo, na mara nyingi familia huilipia. Ulizeni mapema, kabla mwili haujaguswa.

Sisi ni Waislamu. Tunataka kuzika leo au kesho.

Waambieni wauguzi wa wodi saa ile ile, msisubiri simu yetu. Ombi la mazishi ya haraka huandikwa na kupewa kipaumbele, na kama kifo hakina utata na daktari aliyemtibu yupo, ukaguzi unaweza kumalizika katika saa chache. Mwishoni mwa wiki na sikukuu ndipo penye shida, kwa sababu kila eneo lina mpango wake wa daktari mkaguzi na msajili wa zamu. Misikiti mingi ina watu wa mazishi wanaoijua mipango hiyo ya eneo lao, na wanaijua vizuri kuliko wafanyakazi wengi wa hospitali. Wapigieni.

Kwa kawaida familia ina siku 5 za kuandikisha kifo, zinazohesabiwa tangu msajili apokee cheti kutoka kwetu.

Na kama tunasafirisha mwili nyumbani?

Mwili hauruhusiwi kutoka England na Wales bila koroneri kuarifiwa, hata kama kifo kilikuwa cha kawaida kabisa. Kwa kawaida siku 4 kamili hupita tangu aarifiwe, ingawa anaweza kuruhusu mapema akiombwa. Kwa hiyo msikate tiketi za ndugu wala kutangaza siku ya mazishi kijijini kwa kukisia. Nimeona watu wamekusanyika, maturubai yamefungwa, na mwili bado uko mochwari huku.

Kampuni ya mazishi itashughulikia kuhifadhi mwili kwa dawa, jeneza la kusafiria na karatasi za ndege na ubalozi. Nyinyi, mkiwa kwa msajili, nunueni nakala kadhaa za cheti cha kifo. Benki itataka yake, mfuko wa pensheni yake, na nyumbani mirathi haianzi bila nakala halisi.

Marehemu alikuwa na ugonjwa ambao hakuwaambia ndugu. Mtautaja?

Wajibu wa kutunza siri ya mgonjwa unaendelea hata baada ya kifo chake. Kabla ya kupiga simu tunaangalia kwenye faili nani alikuwa anajua nini, na ikiwa kuna suala kama la virusi vya UKIMWI, daktari mkaguzi na daktari aliyemtibu hulijadili kwanza. Hata hivyo, cheti lazima kiwe cha kweli. Ugonjwa ukiwa umesababisha au kuchangia kifo utaandikwa, na cheti cha kifo nchini Uingereza ni kumbukumbu ya umma. Kwa walio hai wenye siri ya namna hiyo, zungumzeni na daktari wenu mkiwa na nguvu: nani aambiwe, na aambiwe na nani.

Mtoto aliyezaliwa akiwa ameshafariki anapita kwenu?

Hapana. Cheti chake hutolewa na daktari au mkunga aliyekuwepo, kwa mimba iliyofika wiki 24 au zaidi. Mtoto aliyevuta pumzi hata mara moja kisha akafariki, huyo anapita kwetu au kwa koroneri.

Mimi ni muuguzi. Naweza kuifanya kazi hii, na inabebeka?

Si lazima uwe muuguzi. Ninao wenzangu waliotoka ofisi za usajili na za makoroneri. Ila ukiwa na uzoefu wa wodi unasoma faili upesi, na unajua maana ya chati ya maji anayopewa mgonjwa iliyoachwa tupu kuanzia saa sita usiku. Mafunzo yanasimamiwa na Chuo cha Kifalme cha Wataalamu wa Patholojia (elimu ya vyanzo vya magonjwa): masomo ya mtandaoni kwanza, kisha siku maalumu ya mafunzo.

Uzito wake ni tofauti na wa wodi. Kule unamshika mgonjwa mkono, huku unasikia kilio cha mtu usiyemwona, kisha unakata simu na kufungua faili la anayefuata. Siku za vifo vya vijana ninaomba mwenzangu anipokee simu moja kabla sijaendelea. Ofisi nzuri inaruhusu hilo bila maneno. Kwenye usaili ulizia: mnapofikwa na kifo kigumu, nani anakaa na ofisa aliyepiga simu ile? Wakibabaika kujibu, tafuta ofisi nyingine.