"Watajibu La Haye": dhana na ukweli kuhusu CPI

Wanafunzi wa sheria hapa Bukavu huniletea rasimu za TFC, yaani kazi ya kumalizia masomo, nizipitie kabla mwalimu hajaziona. Kalamu yangu nyekundu huishia palepale: kwenye tarehe.

Dhana: CPI, yaani Mahakama ya Kimataifa ya Jinai iliyoko La Haye, Uholanzi, itahukumu mauaji ya Lemera na Kasika, hapa Kivu Kusini.

Ukweli: Haiwezi. Mkataba wa Roma, ulioiunda CPI, ulianza kutumika tarehe 1 Julai 2002, na hauhukumu yaliyotendeka kabla ya hapo. Lemera ni Oktoba 1996, Kasika ni Agosti 1998. Mwambie hivyo mtu wa Mwenga uone atakavyokutazama, lakini sheria ndiyo hiyo. Ripoti ya Mapping, iliyotolewa na Umoja wa Mataifa mwaka 2010, imeorodhesha matukio 617 ya uhalifu mkubwa nchini Kongo, kuanzia Machi 1993 hadi Juni 2003. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi CPI haiigusi. Tena ile ni ripoti tu. Juzi nimekuta mtu ameandika "kwa mujibu wa hukumu ya Mapping". Hukumu gani? Nani alishtakiwa?

Dhana: La Haye ni mahakama moja.

Ukweli: Ziko kadhaa. CIJ, Mahakama ya Kimataifa ya Haki, huamua kesi za nchi kwa nchi; Februari 2022 iliiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325, na hakuna aliyefungwa. CPI hushughulika na mtu mmoja mmoja, kama viongozi wa wanamgambo wa Ituri: Lubanga alipewa miaka 14, Ntaganda 30. Ngudjolo aliachiwa huru mwaka 2012, kwa hiyo kupandishwa ndege kwenda La Haye si kutiwa hatiani.

Dhana: Raia wa nchi isiyojiunga na CPI haguswi.

Ukweli: Kosa likitendeka Kongo, iliyoridhia mkataba mwaka 2002, anaweza kushtakiwa.

Dhana: Makosa haya yanahukumiwa Ulaya tu.

Ukweli: Hii ndiyo inayonikera. Desemba 2017 mahakama ya kijeshi ilikaa Kavumu, palepale kwenye njia ya uwanja wa ndege, ikawapa kifungo cha maisha mbunge wa mkoa na wanamgambo wake kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu: walibaka watoto wadogo waliochukuliwa usiku majumbani mwao. Hakuna aliyehitaji visa kuifuata kesi ile. Taksi ilitosha.

Rasimu ya wiki iliyopita ilikuwa na kurasa 40 juu ya Lubanga na makadogo, wale askari watoto, wa Ituri. Kavumu ilipata mstari mmoja. Nimemrudishia mwenyewe.