Je, wajua kwa nini ukiigombeza sauti ya ndani ndo inazidi?

Waswahili tunasema moyo mmoja unaniambia niende, moyo mwingine unaniambia nibaki, na hakuna anayeshangaa. Sasa kuna tiba nzima ya kisaikolojia imejengwa hapo hapo kwenye hiyo mioyo miwili mitatu, inaitwa Internal Family Systems, wengi wanaiita IFS, yaani ndani ya mtu panachukuliwa kama nyumba yenye familia, kila mmoja na kazi yake na hofu zake. Sio majini, wala sio ugonjwa wa kusikia sauti masikioni, ni mtu wa kawaida kabisa.

Ilianzia Chicago, Marekani, miaka ya 1980. Richard Schwartz alikuwa mtaalamu wa tiba ya familia, akawa anahudumia wenye bulimia, wale wanaokula kupita kiasi kisha wanajitapisha, akaona mambo ya nyumbani yanatengenezwa lakini wengine bado wanajitapisha vile vile. Akaanza kuwauliza ndani kunatokea nini. Wakamwambia kuna sehemu yangu inanitukana, nyingine inaniambia kula usahau.

Mwanzoni na yeye alizigombeza. Kuna mteja alikuwa anajikata mwilini, basi wakaibana ile sehemu inayokata mpaka ikaahidi wiki hiyo haitamgusa. Wiki iliyofuata dada wa watu anaingia ana jeraha kubwa usoni. Schwartz anasimulia kwamba aliishiwa nguvu, akaiambia umenishinda, nayo ikajibu haikuwa na haja ya kumshinda. Hapo ndo akaacha kuamrisha akauliza, kwa nini unamfanyia hivi? Kumbe ilianza kazi zamani, dada akiwa mtoto anadhalilishwa, ilikuwa inamtoa mwilini asisikie yanayotendeka na kuizuia hasira ambayo ingemponza zaidi. Mlinzi huyo, ila hajui kama yale yameshaisha. Mimi hapa kila nikisoma nasimama kidogo.

Sasa chukua mtu yuko na simu kitandani saa saba usiku, kesho ana intavyuu, anaangalia video moja baada ya nyingine huku kichwani anajifokea we mvivu, utajiaibisha. Anayefoka wanamuita meneja, anataka kila kitu kinyooke aibu isitokee. Anayeshika simu ni zimamoto, akisikia harufu ya moshi tu anamwaga maji, godoro likilowa shauri yako. Na chini yao kuna mtoto wa darasa la nne, ndo yeye mwenyewe wa zamani, amesimama ubaoni na chaki mkononi, hesabu imemshinda, darasa zima linacheka. Huyo ndo kafungiwa chumba cha ndani na hao wawili wanahangaika asitoke. Kwaiyo meneja akifoka mtoto anaumia, moshi unaongezeka, zimamoto naye anaongeza maji, ndo maana kujigombeza hakusaidii kitu.

Mtaalamu wa IFS hasemi weka simu chini. Anauliza, unajisikiaje ukiitazama hiyo sehemu ya simu? Ukijibu naichukia, hapo meneja ndo anaongea, anaombwa asogee pembeni kidogo. Siku ukijibu nataka kujua inahangaika na nini, hapo wanasema sasa ni wewe mwenyewe, ile nafsi tulivu ambayo Schwartz anashikilia kila mtu anayo hata awe amepitia nini.

Utafiti bado ni mchache. Upo mmoja uliotoka 2013 kwa wagonjwa wa baridi yabisi, waliopata tiba hii maumivu yao yalipungua na huzuni pia. Ila vidonda vikubwa vya utotoni, tafadhali, usivifungue peke yako chumbani, mtafute mtaalamu.

Zimamoto anaulizwa, ukipumzika usiku wa leo unaogopa nini kitatokea? Mara nyingi jibu ni kwamba yule mtoto ataanza kulia. Basi anaombwa ruhusa, mwenye simu aende mwenyewe kwa mawazo mpaka pale ubaoni, asimame karibu na mtoto, amsikilize mpaka amalize, alafu amuulize kama anataka kutoka humo darasani.