Kahaba wa riwaya na wanawake wa Pumwani
Wasomaji wengi wa riwaya zetu huamini kwamba mwanamke anayeuza mwili mjini hana budi kuishia katika ufukara, maradhi au kifo, kwa kuwa ndivyo waandishi walivyozoea kumhukumu. Historia ya Nairobi ya kikoloni inakanusha dhana hiyo, tena waziwazi. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 1990 kilichotokana na mahojiano na wanawake wenyewe, anaonyesha kwamba baadhi ya waliofanya kazi hiyo vyumbani mwao katika mtaa wa Pumwani, jijini humo, waliwapa wageni pia chai, chakula na maji ya kuoga, wakaweka akiba, wakamiliki nyumba na kutoza kodi. Wengine, jambo ambalo riwaya hulisahau mno, walipeleka fedha vijijini kunusuru mashamba na mifugo ya wazazi wao.