Je, wajua ishara ya redio ya miliwati 200 inawezaje kusikika bara jingine?

Mwendeshaji wa redio ya ridhaa, yaani mtu mwenye leseni ya kuwasiliana kwa redio pasipo biashara, anaweza kuunganisha kirusha mawimbi cha miliwati 200 kwenye waya uliotundikwa kati ya miti miwili, na baada ya dakika chache akaona kwenye ramani kwamba amesikika maelfu ya kilomita mbali. Waliomsikia hawamjui. Ni wenzake wa nchi mbalimbali waliojitolea kuacha vipokezi vyao vikifanya kazi usiku na mchana, huku kompyuta zao zikipeleka taarifa za kila walichopokea kwenye hazina ya pamoja iitwayo WSPRnet. Mfumo wenyewe, WSPR, ulibuniwa na Joe Taylor, Mmarekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1993, na ulianza kutumika mwaka 2008.

Wengi huamini kwamba umbali hununuliwa kwa nguvu, na kwamba asiye na mtambo mkubwa na mnara mrefu hana lake. Imani hiyo inapotosha. Mawimbi mafupi hurudishwa ardhini na ionosfia, tabaka la juu la angahewa lenye chembe za umeme, na tabaka hilo likiwa katika hali nzuri, ishara ndogo hufika kule kule inakofika kubwa. Tena, kuongeza nguvu kutoka wati 100 hadi wati 400, jambo la gharama kubwa, hupandisha mshale wa kipokezi kwa kipimo kimoja tu cha S, yaani ngazi moja ya kupimia ukali wa ishara. Swali la maana zaidi si kama ishara imefika, bali kama msikilizaji anaweza kuitofautisha na kelele.

Hapo ndipo ufundi wa WSPR ulipo. Tuseme mvua inanyesha uani kote, na kwenye pembe ya bati unadondoka mchirizi mwembamba. Mvua ni kelele. Mchirizi ni ishara. Ukikinga kwa beseni pana, maji ya mvua yatazidi hata usijue mchirizi umechangia nini. Ukiweka mtungi wa mdomo mwembamba chini ya mchirizi wenyewe, utapata karibu maji yake yote na mvua kidogo sana. Mazungumzo ya sauti huhitaji mdomo, yaani upana wa masafa, wa takriban Hz 2500, ilhali WSPR huhitaji Hz 6 hivi, kwa hiyo kelele inayoingia hupungua takriban mara 400. Lakini mdomo mwembamba haupitishi mengi kwa mara moja: ujumbe wa biti 50 tu huchukua karibu sekunde 111, na huanza sekunde moja baada ya kila dakika shufwa kwa saa ya kimataifa ya UTC, ili msikilizaji ajue wakati wa kukinga. Saa ya kompyuta ikikosea kwa sekunde kadhaa, ujumbe hupotea.

Biti hizo hubeba mambo matatu: kitambulisho cha kituo, nguvu iliyotumika na mraba wa ramani ya dunia ambamo kimo. Dar es Salaam, kwa mfano, imo katika mraba wa KI93. Kwa kuwa mraba mmoja una upana wa nyuzi 2 za longitudo na urefu wa nyuzi 1 ya latitudo, umbali unaoonyeshwa huweza kukosea kwa makumi ya kilomita. Aidha, ujumbe hauna tarakimu za uhakiki, hivyo mara chache programu husimbua kituo ambacho hakikuwapo. Taarifa moja ya umbali wa ajabu, isiyoungwa mkono na nyingine, haifai kuaminiwa.

Ukimya nao usomwe kwa uangalifu. Wapokeaji wamejaa zaidi Ulaya na Amerika Kaskazini, na eneo lisilotoa taarifa huenda halina msikilizaji. Kwa sababu hiyo, anayepima antena mpya hufanya vyema kulinganisha taarifa zake na za kituo jirani kilichorusha dakika zile zile kwa nguvu ile ile, kwa kuwa ionosfia ya jana si kipimo cha antena ya leo.