Je, Wajua Kwa Nini Shule ya St Paul's ya London Ilipokea Wavulana 153?

Mwaka 1509 John Colet, padri aliyekuwa mkuu wa kanisa la St Paul's jijini London, alianzisha shule ya kutwa kando ya kanisa hilo, akaagiza kwamba ifundishe watoto 153 bila kubagua taifa wala nchi watokako. Idadi hiyo haikutokana na ukubwa wa jengo, bali na Injili ya Yohana, sura ya 21, ambamo Simoni Petro anavuta pwani jarife lenye samaki wakubwa 153 na lisipasuke. Watoto hao walisoma bure. Siku hizi karo hulipwa, tena kubwa, ila wanafunzi wanaotunukiwa heshima ya wakfu wa Colet bado ni 153, na alama yao ni samaki mdogo wa fedha.

Kwangu mimi, linalostaajabisha zaidi ni watu aliowakabidhi shule yenyewe. Badala ya kuwaachia mapadri wenzake, Colet aliiweka chini ya Mercers, chama cha wafanyabiashara wa nguo alimokuwamo baba yake, ambaye aliwahi kuwa meya wa London mara mbili. Rafiki yake Erasmus, mwanazuoni kutoka Uholanzi, aliandika sababu: Colet aliona kwamba hakuna lililo na hakika katika mambo ya wanadamu, lakini upotovu mdogo kuliko wote aliukuta kwa raia waliooa wenye sifa njema. Kusikia hayo kwa padri si jambo dogo! Yeye mwenyewe hakuwa na mtoto. Katika ndugu 22 ndiye pekee aliyebaki hai, na urithi wa baba yake aliumimina katika shule hiyo.

Jengo la kwanza liliteketea katika moto mkuu wa London wa mwaka 1666. Baadaye shule ilihamia Hammersmith mwaka 1884, kisha Barnes, ng'ambo ya mto Thames, mwaka 1968. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, wavulana wakiwa wamehamishwa, Jenerali Montgomery, aliyesoma hapo, alikuwa na makao yake katika jengo la Hammersmith na kupangia humo mashambulizi ya Normandy, pwani ya Ufaransa, ya Juni 1944.

Colet aliandika "watoto", si "wavulana", lakini shule ya wasichana, iliyoanzishwa na Mercers kwa sehemu ya mali aliyoiacha Colet, ilifunguliwa mwaka 1904, yaani miaka 395 baadaye.