Umeacha gemu za ushindani, sasa mbona bado hulali?

Kuna kijana alikuja kwetu kitengo cha ushauri nasaha, akakaa, tukaanza kuongea, na muda wote vidole vyake vya mkono wa kushoto vinagonga meza taratibu, cha pete, cha kati, cha shahada, halafu vinaanza upya. Nikamuuliza unapiga nini hapo, akauangalia mkono kama ndo kwanza anauona. Zilikuwa batani za kutembea kwenye gemu. Na gemu alishaifuta wiki sita nyuma.

Watu wengi wanaongelea namna ya kuacha, ila yale yanayokuja baada ya kuacha hayaongelewi, na hapo ndo vijana wanapoumia kimyakimya maana waliambiwa ukiacha tu utakuwa fresh.

Kwanza tuwe wakweli, sio kila anayecheza sana ni mgonjwa. Shirika la Afya Duniani limeweka tatizo la gemu kwenye orodha yake ya magonjwa, ile ICD-11 iliyoanza kutumika 2022, lakini vigezo vyake ni vizito: umeshindwa kujizuia, gemu imepita mbele ya mambo mengine yote, unaendelea hata ukiona inakuharibia, na kwa kawaida hali hiyo iwe imeonekana kwa angalau miezi 12. Wengi wanaokuja kwetu hawafiki huko. Walikuwa wachezaji wazuri tu, wakaamua kuacha sababu ya shule, kazi, ndoa au mkono unauma, halafu wakashangaa mbona wanajisikia kama wamefiwa.

Mimi naona kitu kikubwa wanachokikosa ni ile namba ya ranki, inayokuonyesha uko daraja gani, kuliko hata gemu yenyewe. Ranki nyingi za online zinafuata wazo la Arpad Elo, profesa wa fizikia aliyetengeneza hesabu ya kupima wachezaji wa chess, na shirikisho la chess duniani likaanza kuitumia 1970. Ukishinda unapanda, ukifungwa unashuka, na mfumo unakutafutia mpinzani anayelingana na wewe, kwa hiyo hata ukizidi kuwa bora, mara nyingi bado utafungwa karibu nusu ya mechi zako na hutahisi umefika. Sasa fikiria mtu ameishi hivyo miaka minne, kila nusu saa anaambiwa leo uko juu au uko chini, halafu anaingia kwenye maisha ambayo unasoma kozi miezi mitatu na hakuna anayekwambia umepanda daraja. Lazima aone amesimama, hata kama anasonga vizuri tu.

Hapo ndo nawaomba sana, usikimbilie haraka mashindano mengine ya kupanda na kushuka. Nimeona mtu anatoka kwenye gemu anaingia kwenye kubeti na ile njaa ileile ya kushinda, na kule anachopoteza ni hela ya kula. Mimi kubeti kunanitisha kuliko gemu. Bora uvumilie huo upweke wa kutopimwa, unapungua taratibu.

Halafu kuna watu wako. Wale wanne uliokuwa unawasikia kwenye hedifoni kila usiku walikuwa marafiki wa kweli, asikudanganye mtu. Ukifuta akaunti saa nane usiku kwa hasira bila kuaga, wiki ijayo utafungua nyingine, tumeliona hili mara nyingi mno. Waambie tarehe, cheza mechi ya mwisho, aga. Baki na namba za wawili watatu ambao mnaweza kuongea mambo mengine. Wengine watanyamaza na itauma, hilo siwezi kukufichia.

Mwili nao una madai yake. Jian Zihao, yule mchezaji wa China wa gemu ya League of Legends anayejulikana kama Uzi, alitangaza kustaafu 2020 akiwa na miaka 23, tayari ana kisukari aina ya 2 na mkono mbovu, na mwenyewe alitaja kukesha, chakula kibaya na msongo wa mawazo. Wewe kama kidole gumba, cha shahada na cha kati vinapata ganzi usiku, kuna neva inabanwa kwenye kifundo cha mkono, usisubiri ipone yenyewe, nenda kwa daktari. Usingizi uurudishe kwa kuamka saa ileile kila siku hata kama umelala vibaya, na utoke nje kwenye mwanga asubuhi, itachukua wiki kadhaa.

Kuhusu kazi, Dennis Fong, yule mchezaji aliyejulikana kama Thresh, aliyeshinda Ferrari kwenye mashindano ya gemu ya Quake 1997, baadaye alianzisha kampuni na moja ikanunuliwa na Viacom, kampuni kubwa ya habari na burudani ya Marekani, 2006. Sisemi na wewe utapata hayo. Nasema kama uliongoza watu watano na kukaa kurudia rekodi za mechi mlizofungwa kutafuta kosa, hiyo ni kazi ulifanya, ieleze hivyo ukiulizwa.

Wazazi, tafadhali, ile sentensi ya "si nilikwambia huo ni upuuzi" muiache kabisa. Mtoto ameacha kitu alichokiweza kuliko vyote, mwacheni akiomboleze. Ila akikaa zaidi ya wiki mbili hana raha na chochote, hali chakula, anajifungia, au akianza tu kuongea habari za kufa, msingoje, mleteni kwa mtaalamu siku hiyohiyo.

Na msimu mpya wa gemu ukifunguliwa utaitwa tu, utaona washkaji wanapost ranki zao na mikono itawasha. Siku hiyo usikae peke yako na kompyuta. Njoo hata kwetu, hatutakuuliza uliishia ranki gani, ila ukitaka kututajia tutakusikiliza mpaka mwisho.